Sisimizi Kwenye Chupa ya Mzee Nzau

Saa mbili na nusu asubuhi, Muhiba Kombo anapanda ngazi za jengo moja la Kayole, beseni la plastiki mkononi, mfuko wa kitambaa begani. Ngazi hazina taa wala cha kushika. Anapanda akipapasa ukuta, na akifika ghorofa ya tatu anasimama, anavuta pumzi, anavua viatu kabla hata hajabisha.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mama Ubaid," sauti ya mwanamke inajibu. "Ingia. Mgonjwa wako leo ameamka na mdomo."

Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande wa dirisha kuna kitanda, na kitandani yuko Nzau Muasya, mchonga vinyago wa miaka 68. Kansa ya tezi dume imemshuka mpaka kwenye mifupa ya kiuno. Huu ni mwezi wa tano hajakanyaga sakafu.

"Umechelewa," anasema mzee. "Kidogo nijigeuze mwenyewe."

"Ungejigeuza, mshahara wangu ningekupa wewe."

"Mshahara gani? Wewe unalipwa kama kuku, punje kwa punje."

Muhiba anacheka, anakunja mikono ya buibui, anavaa glavu. Anapenyeza shuka iliyokunjwa mara mbili chini ya mgongo wa mzee, anashika ncha zake, anahesabu, "Moja, mbili." Ikifika tatu mzee anatoa pumzi, naye anavuta. Mwili wote unageuka kwa pamoja, hakuna mguu unaobaki nyuma kuvuta kiuno. Muhiba ana kilo 52 tu. Anasema ukitumia nguvu unamuumiza mgonjwa, na wewe pia unaumia mgongo.

Anamwosha, anakagua makalio na visigino kama kuna kidonda kipya, anampaka mafuta. Kisha anachukua chupa ya dawa, maji ya rangi ya waridi, anavuta kipimo kwa sirinji isiyo na sindano. Kabla ya kumpa mzee, anadondosha tone moja nyuma ya mkono wake na kulilamba. Uso unamkunjamana.

"Ni chungu?" anauliza mzee.

"Ni chungu."

"Basi lete."

Kulamba dawa ya mgonjwa hakumo kwenye mafunzo yake. Muuguzi anayemsimamia, Naftaly Opicho, amemkataza mara mbili.

"Namwambia ndiyo, nimesikia," anasema Muhiba. "Halafu nikifika hapa ulimi unatoka wenyewe."

Sababu ya ulimi huo ni siku tano za mwezi wa Machi. Ni siku ambazo kila nyumba yenye mgonjwa na redio inafaa kuzisikia, maana yaliyotokea hapa yangeweza kutokea kwako au kwa jirani yako, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Muhiba ana miaka 51. Alizaliwa Pumwani, katika nyumba ya babu yake aliyetoka Lamu kuja kupika katika hoteli za mjini. Sasa anaishi Kariobangi na mwanawe Ubaid. Mama yake alifariki mwaka 2009 kwa kansa ya titi, katika chumba walimokuwa wakilala watu sita.

"Tulimpa panadol," anasema. "Panadol na kumsomea Kurani. Alilia mpaka majirani wakaenda kulala kwa jamaa zao. Sikuwalaumu. Hata mimi ningekuwa na pa kwenda, ningeenda."

Miaka saba baadaye, kliniki moja inayotunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona ilitafuta wanawake wa mtaani wa kufundisha. Muhiba akajipeleka. Alisoma wiki tatu namna ya kuosha, kugeuza, kufunga vidonda na kupima dawa ya maumivu. Leo ana wagonjwa saba kati ya Kayole na Kariobangi, na huwafikia wote kwa miguu. Kliniki humpa posho ya shilingi 4,000 kwa mwezi. Siku ambazo hana wagonjwa hufulia watu nguo.

Dawa anayoipima huitwa mofini. Haiponyi kansa. Kazi yake ni kutuliza maumivu yale ambayo vidonge vya dukani haviyafikii. Hutolewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo.

"Ikipimwa vizuri, mtu analala," anasema Muhiba. "Anakunywa uji. Anagombana na mkewe kidogo. Kwangu mimi mgonjwa akianza kugombana najua dawa imefanya kazi."

Sasa, mwishoni mwa Februari, redio moja ilifungua simu wasikilizaji watoe maoni. Swali lilikuwa hivi: mgonjwa asiyepona, anayeteseka, aruhusiwe kusaidiwa na daktari kufa akitaka mwenyewe? Nchi nyingine zimeruhusu. Sheria ya Kenya hairuhusu. Watu walipiga simu kutoka kila upande, mmoja akiita huruma, mwingine akiita dhambi, mwingine akilia hewani kwa sababu ya babake. Kulikuwa na daktari studioni aliyejaribu kueleza kwamba kutuliza maumivu ni jambo moja na kumaliza maisha ni jambo jingine.

"Alieleza vizuri, mimi nilimsikia," anasema Muhiba. "Lakini nani mwingine alimsikia? Huyu anakaanga, yule anaita mtoto, yule anabishana na konda ndani ya matatu. Watu walishika maneno matatu tu. Dawa, mgonjwa, kufa."

Maneno hayo matatu yalimfikia Muhiba barabarani kabla ya wiki kuisha. Kijana wa bodaboda karibu na Spine Road alimwona na mfuko wake, akapaza sauti wenzake wasikie.

"Niaje mathe! Leo unamaliza nani?"

"Wewe, kama hutanipisha," Muhiba akamjibu.

Wote walicheka, hata yeye. Lakini jioni hiyo nyumba moja ilimfungia mlango. Siku ya pili nyumba nyingine ikamwambia mgonjwa amepelekwa ushago, kijijini kwao, ilhali Muhiba alimsikia akikohoa nyuma ya mlango. Wagonjwa wake walikuwa tisa. Ndivyo walivyobaki saba.

Kwa mzee Nzau hakufungiwa. Alikaribishwa kama kawaida, akapewa kiti, akapewa chai. Ndiyo maana hakushtuka mapema.

Mke wa mzee, Nzembi, ana miaka 63 na huuza mboga zilizokatwa chini ya jengo hilo. Wamekaa kwenye ndoa miaka 41. Kabla ya kliniki kumpokea mzee, matibabu yalikuwa yamekula karibu shilingi 700,000 na nusu ya shamba lao la Makueni. Anapozungumza kuhusu mwezi wa Machi, anaendelea kukata sukuma wiki, nyembamba kabisa, wala hainui macho.

"Akina mama wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kutuombea, siku ya Ijumaa," anasema. "Mmoja akaiona chupa dirishani. Akauliza ni nini. Nikamwambia mofini. Akasogea mbali na dirisha. Halafu akaniambia, 'Mama Mbaluka, na hiyo si ndiyo ile ya redioni?'"

Hakumuuliza mchungaji. Hakumpigia Muhiba, wala muuguzi, ambaye nambari yake imeandikwa kwenye chupa. Alingoja akina mama waondoke, akamimina dawa yote kwenye chupa tupu ya soda, akaificha nyuma ya mfuko wa unga. Kisha akaosha chupa ya dawa, akachanganya juisi nyekundu ya dukani na maji mpaka rangi ikalingana.

Muhiba ana mtindo wake wa kazi. Hubandika plasta ubavuni mwa chupa na kuchora mstari wa kalamu kila anapokuja, ili ajue dawa imepungua kiasi gani tangu siku ya mwisho. Nzembi alijaza juisi mpaka kwenye mstari huo, hakupitisha hata nywele.

"Kwa nini usingekataa tu?" anaulizwa.

"Ningekataa wangeniuliza sababu. Na mzee anaipenda hiyo dawa. Nilitaka aamini amekunywa," anasema. "Nilitaka afe kifo chake, si kifo cha chupa."

Kwa hiyo kuanzia Ijumaa jioni, kila baada ya saa nne, mama huyu alipima juisi kwa sirinji na kumwekea mumewe mdomoni. Jumamosi mzee alianza kuuma shuka. Jumapili alilia kwa sauti. Nzembi anasema alikuwa akimpa juisi, kisha anapita upande wa pili wa pazia, anafungulia mfereji ili asisikike akilia.

Muhiba huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumatatu alimkuta mzee amelowa jasho, meno yamekazana. Akatazama chupa, dawa ilikuwa imeshuka chini ya mstari sawasawa. Akajua basi, ugonjwa umepanda. Alimpigia Opicho, akaambiwa aongeze nusu ya kipimo. Akaongeza nusu ya kipimo cha juisi.

"Alinishika hapa," anasema Muhiba, akionyesha kifundo cha mkono. "Akaniuliza, 'Muhiba, wale wa redioni wamekubaliana?' Nikamwambia mzee, bado wanabishana. Akasema, 'Waambie waharakishe.' Mimi nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka. Akasema, 'Basi nisaidie wewe. Nipe hiyo chupa yote.'"

Hakumpa. Lakini hakumkatalia pia. Alimfunika, akafunga mfuko, akaondoka.

"Nilitembea mpaka Kariobangi sijui nimepitia wapi," anasema. "Nilikuwa namfikiria mama yangu. Kama mwaka ule mtu angekuja na njia, akasema hii itampumzisha, ningemfukuza? Wallahi sijui. Dini yangu inakataza, nalijua hilo, na sina ugomvi nalo. Lakini siku ile moyo wangu ulikuwa umeshafika nusu ya njia. Jumanne nzima nilifua nguo za watu huku nikijiambia, kesho akiniomba tena, nitamjibu nini?"

Jumatano mzee hakuomba tena. Hakuwa na nguvu ya kusema. Muhiba aliinua chupa kutoka dirishani ili apime, na kitu kikamtembea kidoleni. Sisimizi. Akaangalia. Kulikuwa na msururu mzima, kutoka kwenye ufa wa dirisha mpaka kwenye kizibo, wengine wamezunguka mdomo wa chupa kama watu kwenye foleni ya maji.

"Miaka yote nimeshika dawa hii," anasema. "Sijawahi kuona sisimizi akiikaribia. Ni chungu, nani aitake?"

Ndipo akalamba kwa mara ya kwanza. Ilikuwa tamu.

"Mama Mbaluka," akaita. "Dawa iko wapi?"

Nzembi alikuwa ameketi sakafuni upande wa pili wa pazia, anakata mboga. "Dawa gani?"

"Usinifanye mtoto. Dawa ya mumeo."

Kisu kikasimama. Nzembi akainuka, akasogeza mfuko wa unga, akatoa chupa ya soda ya nusu lita yenye kizibo cha kijani. Ndani kulikuwa na maji ya waridi.

Mzazi unayesoma, simama hapa kidogo. Katika jengo hilo kila ghorofa ina vyumba vinane, na milango hushinda wazi. Watoto huingia popote kuomba maji. Chupa ile ilikaa siku tano nyuma ya unga, kwenye urefu wa kiuno cha mtu mzima, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la kwanza anafikia, na macho ya mtoto yangeona soda. Hakuna aliyejua ilimiminwa kiasi gani, kwa hiyo hakuna ambaye angeweza kusema kama imepungua. Muhiba aliichukua, akaitia kwenye mfuko wake. Kisha alipita mlango kwa mlango akiuliza kila mama kama mtoto wake yuko salama. Wote walikuwa salama. Hiyo ilikuwa bahati, na bahati mama hawezi kuiwekea mpango.

Aliporudi chumbani ugomvi ukaanza.

"Umemchoma huyu mtu moto siku tano!"

"Na wewe ulikuwa umuue!"

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu!"

"Kila mtu nani? Mtaje jina!"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ikatoka, nyembamba kabisa. "Mkimaliza, kuna mtu huku anakufa."

Waliacha. Opicho, alipopigiwa simu, aliagiza chupa zote mbili zirudishwe kliniki, dawa ile isitumike tena. Muhiba alikwenda nazo mwenyewe kwenye mfuko, akarudi saa tisa alasiri na chupa mpya. Walianza na kipimo kidogo kuliko cha zamani, kwa sababu mwili ulikuwa umekaa siku tano bila dawa. Ijumaa mzee alilala. Jumapili alikunywa uji bakuli zima na kulalamika kwamba hauna sukari.

Akina mama wengi wakisikia mpaka hapo husema afadhali, kumbe alikuwa anadai kufa kwa sababu ya maumivu, amepewa dawa, yamekwisha. Muhiba naye alifikiri hivyo. Alikuwa hata na hasira na nafsi yake.

"Nilikaribia kukubali jambo kubwa namna ile kwa sababu ya juisi," anasema. "Juisi ya shilingi hamsini."

Wiki iliyofuata, akimgeuza mzee, akamchokoza. "Lile neno la Jumatatu tulilisahau, sivyo?"

"Nani amelisahau?" akajibu mzee.

Leo, akiwa amelala ubavu, mto katikati ya magoti, mzee Nzau hana shida kulirudia.

"Jumatatu ile maumivu ndiyo yalisema, hiyo ni kweli," anaeleza. "Ungeniambia niuze figo ningeuza. Lakini sasa siumwi sana, na bado nasema. Mikono hii imetoa twiga na vifaru, hata sijui ni elfu ngapi. Pale Pumwani tulikuwa tunachonga mpaka jua linazama. Sasa nikishika kijiko kinaanguka. Nangoja nini?"

"Unangoja Mungu," Nzembi anasema kutoka upande wa jiko.

"Namngoja, naye ananingoja. Tunangojana tu."

"Baba Mbaluka, acha."

"Nimeulizwa, najibu." Anapumzika kidogo. "Kinyago kikishafika mahali pake unaweka tezo chini. Ukiendelea kuchonga unakiharibu."

"Wewe si kinyago, mzee," anasema Muhiba.

"Hapo umenishika. Nimeanza kuongea kama wale wa redioni." Anacheka mpaka anakohoa, na Muhiba anamshika kifua mpaka kikohozi kitulie. "Sikiliza. Hilo ndilo jibu la leo. Kesho nikipata chai nzuri huenda nikasema jingine. Ninachokataa ni mtu kunisemea. Huyu alinisemea kwa juisi."

Baadaye, nje kwenye ngazi, Nzembi anasema lililobaki.

"Naambiwa ile chupa haikuwa ya kifo. Haya, nimekubali. Sasa zile siku tano alizolia ni mimi. Na hilo analolitaka siwezi kulitaka, hata nikijaribu. Nikipiga magoti kuomba, sijui nianze na lipi."

Mwana wao, Mbaluka, ni dereva wa lori la mizigo la kwenda Malaba. Kwa simu anasema hata yeye hajui asimame wapi. "Nikiwa barabarani nasema baba apumzike, ameteseka vya kutosha. Nikifika nyumbani nimwone anavyonitukana kwamba nimenenepa, nasema ah, angalau wiki moja zaidi. Sijui. Usiandike kwamba najua."

Muuguzi Opicho ndiye aliye wazi kuliko wote, lakini kwa sehemu moja tu. "Hapa kwetu hakuna anayeruhusiwa kumsaidia mtu kufa, na sisi hatufanyi hivyo," anasema. "Watu wabishane, ni haki yao. Wagonjwa wenyewe nao wasikizwe. Ninachoomba ni kwamba katika kubishana kwao wasiniondolee dawa ndani ya nyumba za watu. Nimeona nyumba tatu mwaka huu ambapo mofini ilifichwa au ikamwagwa. Hii ya juisi ndiyo ya kwanza."

Na upande wake yeye katika mjadala?

"Mimi? Ningependa kusema nina jibu. Kuna wagonjwa wawili watatu ambao dawa yote niliyo nayo haikuwatosha. Nikiwakumbuka hao, nanyamaza."

Basi kama hata muuguzi ananyamaza, wewe na mimi tulio na redio na jirani tusijifanye wajuzi. Lakini yapo mambo ambayo hayana haja ya mjadala. Dawa ya mgonjwa ibaki kwenye chupa yake yenye jina lake, juu, imefungwa, hata kama ni kwa dakika moja unaosha rafu. Chupa ya soda ni ya soda. Ukisikia jambo likakutia hofu, aliyekuletea dawa ndiye wa kwanza kuulizwa, hata kama unaona haya, hata kama unaogopa ataona umemshuku. Nzembi aliona haya. Ndiyo bei ya haya yake hiyo, na aliyeilipa ni mtu mwingine, amelala kitandani, akiamini anakunywa dawa.

Nyumba mbili zilizomfungia Muhiba bado hazijafungua. Katika moja, mgonjwa amekwisha kufariki. Muhiba alikwenda matangani, akakaa nyuma na akina mama, hakuna aliyemwambia kitu, naye hakuuliza mwisho ulikuwaje.

"Ningeuliza wangenijibu," anasema. "Ndiyo sababu sikuuliza."

Jumamosi hii ana kazi mpya. Nzembi mwenyewe ndiye aliyeipanga. Akina mama wa kikundi cha kanisa wamemwalika aende ukumbini kwao baada ya maombi, awaeleze mofini ni nini. Itakuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya kanisa, na buibui yake, na amekwisha kutaniwa mtaani kwamba anakwenda kuokoka. Atabeba chupa tupu na sirinji, wazipitishe mkono kwa mkono, kila mmoja avute maji aone kipimo kilivyo kidogo.

Akina mama hao wameshasikia habari yenyewe, na kuna namna wanavyotaka aisimulie. Mwenyekiti wao alimpigia simu. Alitaka awaambie jinsi mzee alivyokuwa akitamani kufa, akapewa dawa, akatamani kuishi. Alisema itawajenga sana.

Mzee Nzau alisikia simu hiyo kutoka kitandani.

"Ukienda huko," akamwambia Muhiba, "usiwaambie nimeacha. Sijaacha."

"Mzee, mkeo atakuwepo."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

Muhiba alimwahidi. Sasa anamfunika shuka, anachora mstari wa leo kwenye plasta, anafunga chupa na kuiweka juu ya kabati, kwenye kasha lenye kufuli ambalo Mbaluka alilinunua. Ufunguo anampa Nzembi, mkononi, na Nzembi anaupokea kwa mikono miwili.

Nje, akivaa viatu, anaeleza atakavyofanya Jumamosi.

"Nitawaambia hii dawa ikipimwa haiui. Hilo nina hakika nalo, nitalisema kwa sauti. Kisha nitawaambia mzee hajaacha. Nimemwahidi."

Na wakimuuliza yeye yuko upande gani?

Anamaliza kuvaa kiatu cha pili. Chini, mtu anaita mboga, na Nzembi anaitika kutoka ndani kwamba anakuja.

"Nitawaambia sijui," anasema Muhiba. "Na nikisema hivyo nitamwangalia Mama Mbaluka machoni. Nikitazama sakafu watafikiri nimekubali wagonjwa wasaidiwe kufa, halafu kuna mtu atarudi nyumbani amwage chupa."